Msipokee Kifaa Kisichojibu Swali

Nimekuwa kimya muda mrefu, najua, na mama mdogo ameshaniuliza kama baridi ya Ujerumani imenigandisha vidole. Vidole vipo, mama mdogo. Ni kazi tu. Na leo nataka kuzungumzia hiyo hiyo kazi, maana miaka yote hii mmekuwa mkiniuliza "hivi huko unafanya nini hasa?" nami najibu "mambo ya umeme", kisha tunahamia kwenye habari za harusi. Leo mtanivumilia kidogo. Kuna jambo linawahusu watu wa nyumbani, na lina haraka.

Jambo lenyewe ni hili. Mpwa wangu anayefundisha umeme katika chuo kimoja cha ufundi huko nyumbani aliniandikia wiki iliyopita. Chuo kimepewa nafasi ya kuchagua msaada wa vifaa vya kupimia kwa ajili ya maabara ya wanafunzi. Fungu la kwanza ni vifaa vipya, vina skrini ya kugusa, vinang'aa kama simu ya bwana harusi. Fungu la pili ni vya mtumba, vizito, rangi ya kijivu, vingine vimechubuka pembe. Hela ya usafiri na gharama za bandarini inatosha fungu moja tu. "Shikamoo mjomba," anasema, "wakubwa wanataka vipya, mimi nina wasiwasi navyo. Unatushauri nini?"

Marahaba mpwa wangu. Mjomba wako anasema chukueni vya mtumba. Sababu yangu haina uhusiano na rangi wala umri. Vile vya mtumba ukiviuliza swali vinajibu. Vile vipya, kwa nilivyosoma kwenye karatasi ulizonitumia, havimjibu mtu yeyote isipokuwa programu ya mwenye kiwanda.

Najua hapo nimewaacha wengi njiani, kwa hiyo nianze mbali kidogo.

Mmewahi kuwaona watu wa Wakala wa Vipimo wakipita sokoni kuhakiki mizani, au wakiwa sheli wakihakiki pampu za mafuta. Kazi yangu ni ndugu wa hiyo. Tofauti ni kwamba mimi sihakiki kilo wala lita, nahakiki volti, amperi, ohmu na hezi. TBS kule nyumbani wanaiita ugezi, neno zuri ambalo natamani lingejulikana zaidi. Mteja analeta kipimo chake, sisi tunakipa umeme ambao tunaujua kiasi chake, tunaangalia kimesoma ngapi, tunaandika cheti. Kipimo kimoja kinaweza kuhitaji kuangaliwa kwenye sehemu zaidi ya mia moja. Mtu akikaa anazungusha vitufe na kuandika kwa kalamu, siku inaisha, na jioni ataanza kuandika 6 mahali pa 9. Kwa hiyo vifaa tunaviunganisha na kompyuta kwa waya. Kompyuta inatoa amri, vifaa vinatii na kujibu, mimi nakunywa kahawa. (Bosi wangu hasomi Kiswahili.)

Sasa swali la leo: kompyuta inamwambia nini huyo kifaa, na kwa maandishi ya namna gani?

Zamani kila kiwanda kilikuwa na lugha yake. Chukua mita ya HP 3478A ya miaka ya 1980. Ukitaka ipime volti za DC, ijichagulie kiwango yenyewe, itoe tarakimu tano na nusu na ijiendeshe, uliitumia ujumbe huu: F1RAN5T1. Hiyo si namba ya gari, ni amri. Ukinunua mita ya kampuni nyingine, au hata mita nyingine ya kampuni hiyo hiyo, unaanza upya kukariri.

Waliafikiana kwanza juu ya waya. Hewlett-Packard walikuwa na mfumo wao wa kuunganisha vifaa, na mwaka 1975 ukafanywa kiwango cha wote, IEEE 488. Wengi tunauita GPIB. Ni waya mnene kama mkia wa kenge, na mfumo mmoja unabeba vifaa hadi 15 pamoja na kompyuta yenyewe. Lakini kuafikiana waya si kuafikiana lugha. Watu wawili wanaweza kuwa na simu nzima na vocha tele, mmoja akawa anaongea Kihaya na mwingine Kimakonde. Mwaka 1987 ndipo ikaja IEEE 488.2, iliyosema namba iandikweje, neno liandikweje, jibu liishie wapi. Mwaka 1990 makampuni yakajenga juu yake amri za pamoja zinazoitwa SCPI. Sisi tunatamka "skipi".

Tangu hapo, ukitaka mita ikusomee volti za DC unaiandikia hivi:

MEAS:VOLT:DC?

Hata shangazi ambaye hajagusa mita maishani mwake anaweza kukisia. Pima, volti, DC, alama ya kuuliza. Ndiyo, ni Kiingereza kilichokatwa mkia, lakini ni maandishi ya kawaida, mtu anayasoma, anayaandika kwa mkono, anayatuma kwenye simu kwa rafiki. Kukatwa kwenyewe kuna kanuni: chukua herufi nne za mwanzo, na kama ya nne ni irabu, baki na tatu. VOLTAGE inakuwa VOLT, POWER inakuwa POW, RESISTANCE inakuwa RES. Unaweza kuandika neno zima au fupi, katikati hapana. VOLTA haipo.

Na mita inajibu. Ukiwa umeiwekea betri ya tochi, itakurudishia kitu kama hiki:

+1.52340000E+00

Hiyo E+00 mwishoni inasema nukta usiisogeze popote. Ingekuwa E-03 ungegawanya kwa elfu. Ni hivyo tu, na mtoto wa sekondari anaielewa.

Kuna kanuni moja ndani ya hiyo IEEE 488.2 ambayo mimi naipenda kuliko zote. Inasema kifaa kiwe mwepesi wa kusamehe kinaposikiliza, na makini kinaposema. Kwa hiyo mimi nikitaka volti moja na nusu naweza kuandika 1.5 au 1.50 au +1.5 au 15E-1, herufi kubwa au ndogo, vyote kinapokea. Nikisema swichi iwe ON au iwe 1, kwake ni kitu kimoja. Lakini kikijibu, kinajibu kwa namna moja iliyoandikwa kitabuni: swichi ikiwa imewashwa jibu ni 1, si ON, si "ndiyo", si "imewaka mkuu". Mnawajua wale wazee wetu ambao mgeni akikosea hodi wanamkaribisha tu, ila wao wenyewe wakitamka kitu hawapindishi? Ndivyo.

Sasa msije mkadhani nasifia tu. Maandishi nayo yana mitego yake, na mpwa wangu na wanafunzi wake watakutana nayo, bora waijue kutoka kwangu.

Mtego wa kwanza ni mkato. Huku Ujerumani moja na nusu huandikwa 1,5. Nukta wao wanaitumia kutenga maelfu. Mwezi wangu wa kwanza hapa niliona tangazo la nyumba, kodi 1.200, nikacheka peke yangu kama mwehu. Sisi tuliorithi namna ya Waingereza tunaandika kinyume chake kabisa. Ni kama ile saa yetu: ukimwambia Mjerumani tuonane saa mbili asubuhi, naye akaandika mbili, wewe utamsubiri kituoni na yeye atakuwa usingizini tangu usiku. Namba ile ile, watu wote waaminifu, miadi imekufa.

Ndani ya SCPI, nukta ndiyo nukta ya desimali, na mkato kazi yake ni kutenganisha kitu na kitu. Angalieni sasa. Pawa saplai nyingi zina amri APPL. Namba ya kwanza baada yake ni volti, na ukitaka unaongeza mkato na namba ya pili, ambayo ni kikomo cha amperi. Kampuni moja inayotuletea vifaa ilikuwa na programu iliyoandikwa kwenye kompyuta yenye mipangilio ya Kijerumani. Walitaka volti tatu nukta tatu. Kompyuta ikaandika kama ilivyozoea:

APPL 3,3

Pawa saplai ikaelewa: volti 3, amperi 3. Kikomo chao cha awali kilikuwa amperi 0.1, maana bodi waliyokuwa wanaijaribu ilikuwa ndogo na ilikuwa na shoti mahali. Amperi tatu zikapita humo na njia za shaba zikaungua. Na kifaa hakikulalamika hata kidogo, kwa sababu hakikuwa na cha kulalamikia, amri ilikuwa sahihi kabisa. Wakatuletea pawa saplai wakisema ni mbovu. Tuliihakiki kuanzia volti ya kwanza hadi ya mwisho, nzima kama ilivyotoka kiwandani. Mwenzangu ndiye aliyewaomba watuonyeshe ile amri yenyewe ilivyotumwa, herufi kwa herufi, na ikaonekana mara moja.

Hapo ndipo nataka mtulie. Ikaonekana mara moja kwa sababu ni maandishi. Mtu aliitazama kwa macho akaona mkato. Ingekuwa ni programu iliyofungwa ya kampuni, inayozungumza na kifaa chake kwa siri, tungekuwa bado tunabishana na huduma kwa wateja mpaka leo.

Mtego wa pili ni kizio. Ukiuliza volti, jibu linakuja namba tupu, halisemi "volti". Imekubalika tu kwamba volti ni volti na hezi ni hezi, si kilo wala mili. Ukisahau na kudhani ni milivolti, hakuna wa kukushtua. Na msidhani ni mafundi wa chini tu wanaoteleza kwenye hilo. Chombo cha NASA kilichoitwa Mars Climate Orbiter kilipotea Septemba 1999 kilipofika Mars, kwa sababu programu moja hapa duniani ilitoa namba kwa pauni-sekunde, na waliozipokea wakazichukua kuwa ni niutoni-sekunde. Hesabu ya kila upande ilikuwa na mantiki yake.

Unapotuma, kizio unaweza kukiandika, vifaa vingi vinakubali. Lakini kwa kuwa kifaa hakitofautishi herufi kubwa na ndogo, hakiwezi kujua kama M ni mili au ni mega. Basi wakaamua hivi: M ni mili, isipokuwa ikikaa mbele ya hezi na ohmu, hapo ni mega. Kwa hiyo 5MV ni milivolti tano, na 5MHZ ni megahezi tano. Ukitaka mega kwingine unaandika MA. Mimi naona ni kiraka, na kiraka kibaya, lakini ni kiraka kilichoandikwa kitabuni na kila mtu anaweza kukisoma.

Mtego wa tatu ndio unaoniudhi zaidi. Mita ikizidiwa, yaani umeiwekea umeme mkubwa kuliko kiwango ulichochagua, kwenye kioo chake itaandika kwamba imezidiwa. Mtu anaona. Lakini kompyuta ikiuliza, jibu ni hili:

+9.90000000E+37

Hiyo ni tisa nukta tisa ikifuatiwa na msururu wa sifuri. SCPI wamekubaliana kwamba 9.9E37 maana yake ni "haina mwisho", na 9.91E37 maana yake ni "hii si namba". Kwa mtu aliyesoma kitabu ni sawa. Kwa programu ambayo haikuambiwa, hiyo ni namba kama namba nyingine. Itaijumlisha, itatafuta wastani, itachora grafu. Nimeona kwa macho yangu ripoti ya mteja ambapo wastani wa vipimo kumi vya betri ulikuwa mkubwa kuliko kitu chochote ninachoweza kukifikiria, na sahihi ya mkaguzi ipo chini, imepigwa mhuri. Ukali wake ni kwamba hiyo ilikuwa rahisi kuiona. Ambayo inatisha ni pale programu nyingine inapotupa kimyakimya namba kubwa mno bila kusema, na wastani unaobaki unaonekana mzuri. Mpwa, siku ya kwanza ya somo waambie wanafunzi waichomoe mita kwenye kila kitu, waiweke kwenye ohmu, waiulize. Watapata hiyo 9.9E37. Waiandike ukutani.

Mambo ya baiti nitayapita haraka, maana najua wengine mmeshaanza kupiga miayo. Osiloskopu ikikupa nukta milioni moja kwa maandishi, kila moja inachukua herufi 16 ukihesabu na mkato wake, hiyo ni baiti milioni 16. Ndiyo maana kuna namna ya pili: kifaa kinatuma furushi. Linaanza na alama ya reli, #, halafu tarakimu inayosema urefu umeandikwa kwa tarakimu ngapi, halafu urefu wenyewe, halafu mzigo. Ukiona #74000000, soma hivi: tarakimu saba zinafuata, nazo zinasema baiti milioni nne. Nukta zile zile milioni moja, robo ya ukubwa. Lakini namba hizo za biti 32 zinabeba tarakimu za maana kama saba tu. Kwa osiloskopu inatosha na kubaki. Kwa mita ya tarakimu nane na nusu unamwaga maziwa.

Na humo ndani ya furushi kuna suala la baiti ipi itangulie. Mjerumani akisema 24 anasema "nne na ishirini". Mpaka leo mtu akinisomea namba ya simu kwa mafungu ya mbili mbili, mkono wangu unasita. Kompyuta nazo ziko hivyo: kiwango kinasema baiti kubwa itangulie, na kompyuta hizi tunazotumia zinahifadhi ndogo ikitangulia. Kuna amri ya kugeuza, FORM:BORD SWAP. Ukiisahau unapata takataka tupu, na takataka tupu ni afadhali, inajitangaza.

Basi, nirudi kwa wakubwa wa chuo.

Hoja yao nimeisikia: vifaa vipya vina skrini nzuri, programu yake mwanafunzi anaigusa tu, grafu inatokea. Sibishi kwamba grafu inatokea. Ila someni karatasi. Programu ni ya Windows peke yake. Inataka akaunti. Inataka leseni ya kulipiwa kila mwaka baada ya mwaka wa kwanza. Kitabu cha amri hakipo, nimekitafuta kwenye tovuti yao siku mbili. Mfadhili ametoa vifaa, hakutoa leseni ya mwaka wa pili. Nani ataomba fungu la hela hiyo, na kwa fedha za kigeni? Na siku kampuni ikiamua programu ile imezeeka, vifaa vile vitaendelea kuwaka taa, ila maabara itakuwa imerudi kwenye kalamu na daftari.

Msinielewe vibaya kwamba napinga vipya. Viko vifaa vipya vingi, hata vya bei nafuu kutoka China kama vya Rigol na Siglent, vinavyopokea SCPI kwa waya wa USB au wa mtandao, na kitabu cha amri unakipakua bure. Kama fungu la kwanza lingekuwa la namna hiyo nisingeandika haya yote. Wala si lazima iwe SCPI. Katika maabara yetu tuna 3458A, mita ya tarakimu nane na nusu iliyotoka mwaka 1989, kabla SCPI haijazaliwa. Amri za pamoja haizijui, ukitaka jina lake unaiuliza ID? kwa lahaja yake. Lakini lahaja hiyo imeandikwa yote kitabuni, na mpaka leo ndiyo tunayoiamini kuliko nyingi. Kinachonikera mimi ni kifaa kilichonunuliwa, kiko mezani kwako, kimejaa namba, na hakikubali kukwambia.

Kuna mwenzangu kazini, Mjerumani mmoja mtaratibu, tunabishana naye wakati wa chakula. Yeye anasema maandishi ni ushamba, siku hizi kuna draiva zinazokuficha amri zote, unaandika kwenye programu yako "soma volti" na draiva inamaliza. Draiva nzuri zipo, sikatai. Lakini draiva imeandikwa kwa ajili ya kompyuta fulani na toleo fulani. Tunazo draiva za enzi za Windows XP ambazo leo hazina kompyuta ya kuishi, wakati kifaa chenyewe bado kizima. MEAS:VOLT:DC? haihitaji toleo. Laptopu ya mtumba yenye Linux, Python na PyVISA, vyote bure, inatosha. Kwa maabara yenye bajeti ya Ujerumani hoja yake inasimama. Kwa chuo chetu haisimami.

Anaponishinda ni kwenye usalama. SCPI haina nywila. Kifaa kikiwa kwenye mtandao, mara nyingi kinasikiliza kwenye mlango namba 5025, na yeyote aliye kwenye mtandao huo anaweza kukiamuru kipandishe volti. Kwa hiyo vya chuo visiunganishwe kamwe na Wi-Fi ile ile ambayo wanafunzi wanaangalia mpira. Viwe na mtandao wao peke yao, au waya tu.

Kuna faida nyingine ambayo wakubwa hawaihesabu. Mwanafunzi akijifunza kuiuliza mita kuukuu leo, siku akiajiriwa akakuta mita mpya ya kampuni nyingine, sehemu kubwa ya maswali ya msingi ni yale yale. Amri za ndani zaidi zinatofautiana, osiloskopu hasa kila kampuni ina mambo yake, lakini namba zinaandikwa vile vile, furushi linafungwa vile vile, na makosa yanaulizwa vile vile. Aliyejifunza kugusa skrini ya kampuni moja amejifunza skrini ya kampuni moja.

Mpwa, kwa hiyo kabla hamjasaini chochote, waandikieni wafadhili wote wawili swali moja: tunaomba kitabu cha amri cha kila kifaa kwenye orodha. Anayetuma, mpokeeni. Anayejibu kwamba "programu yetu inafanya kila kitu", mshukuruni kwa upole.

Kwenye orodha ya mtumba nimeona kuna mita za HP 34401A. Hizo nazijua kama mkono wangu. Zina mdomo wa GPIB na wa serial nyuma. Msikimbilie kununua adapta ya GPIB, bei yake inaweza kuzidi ya mita yenyewe. Anzeni na adapta ya USB kwenda serial, na waya uwe ule wa kupishana, si wa moja kwa moja, la sivyo mtakaa mchana kutwa mkidhani mita imekufa. Kwa njia hiyo ya serial tumeni kwanza SYST:REM, ndipo ikubali kuamriwa. Kisha iulizeni *IDN? Itataja vitu vinne vikitenganishwa kwa mkato: mtengenezaji, aina, namba ya kifaa, na toleo la programu ya ndani. Itajiita HEWLETT-PACKARD, ingawa idara hiyo ya vipimo iligeuka Agilent mwaka 1999 na Keysight mwaka 2014. Namba ya kifaa itasema 0, msiogope, haijaibwa, aina hiyo haitoi namba yake kwa njia hiyo.

Halafu iulizeni SYST:ERR? na mrudie mpaka ijibu +0,"No error". Ikisema -113 maana yake kuna neno haikulielewa. Orodha nzima ya namba hizo nitaituma kwa barua pepe kesho jioni, saa yenu.